Kadi Yenye Nukta Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta dukani, mimi nikiwa kwenye mashine nasaga kioo cha miwani ya mteja mkali, Daktari akiwa chumba cha ndani anapima macho ya watu. Kufika saa nane maji yalishaingia chini ya mlango. Niliporudi nyumbani nilikimbilia kabatini kwenye kamera yangu kabla ya kumsalimia Baba, kosa ambalo amelitaja mara mbili wakati wa chakula.

Nilikuwa na sababu ya kukimbia. Lenzi yangu ya pekee ya maana, ile kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, imeota ukungu pembeni, vijinyuzi vyeupe kama vya mkate uliolala. Rahisi ni ghali: siku ya kuinunua sikuimulika kwa tochi. Nimepanga kila kitu mezani na chupa ya spiriti ya dukani, nikasafisha lenzi, betri na kadi zangu mbili za kumbukumbu. Hizo kadi ni pacha, nilizinunua siku moja. Nimesugua huku Baba akinisimulia habari za jirani na kuku wake, na kitambaa kikaingia wekundu kidogo. Nikadhani ni kutu.

Kundi letu la wapenda picha limeniomba mawaidha ya msimu wa mvua kwa wenye mifuko myepesi. Wananiita Mwalimu, nami sikatai. Nimewaandikia: kamera isilale kwenye begi lake, begi linashika unyevu. Ilale kwenye kopo la plastiki la jikoni lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Fundi Baiskeli, ambaye ndiyo kwanza amenunua kamera, ameuliza kuhusu viatu vya mtumba. Mtumba hauji na boksi, ndugu yangu.

Jumatano, 6 Machi

Umeme hakuna, duka limefungwa. Siku ya raha. Nimepiga matone ya mvua kwenye kioo cha dirisha tangu asubuhi mpaka mwanga ulipokufa. Kamera niliilaza juu ya mfuko wa maharage. Unaibonyeza mpaka itulie, kisha unaiamuru ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, ili kidole chako kisiitikise. Wanaouza vigoda vya kamera vya miguu mitatu wasisikie.

Kadi ilikuwa na vitu vya zamani. Kamera ikaniuliza kama nina uhakika wa kufuta vyote, nikabonyeza ndiyo, nikaendelea. Picha mia nne na kitu. Tone moja limeshika nyumba nzima ya jirani, kichwa chini miguu juu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kuku wa jirani amehamia jikoni kwetu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempeleka Baba apimwe. Ni presha ya macho, ile ile aliyokuwa nayo, lakini sasa imekwenda mbio. Daktari ni mwajiri wangu na namjua, hapambi maneno. Amesema Baba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Dawa ya matone itachelewesha, haitazuia. Labda ataendelea kuona mpaka mwisho wa mvua, labda mbele kidogo.

Baba ametengeneza saa za watu miaka arobaini, lenzi yake ndogo ikiwa imebanwa jichoni. Akauliza kama hilo bomba linatosha kuona sura ya mtu. Daktari akasema kwa sasa linatosha, mtu akikaribia.

Tulipofika alikaa kitini, miguu bado imelowa, ndipo akasema:

"Ile picha ya mama yako, uliyompiga jikoni. Nisafishie kubwa. Nataka nimtazame mpaka nishibe, kabla mlango haujafungwa."

Naijua picha yenyewe. Nilimpiga Mama wiki tatu kabla hajafariki, amekaa kando ya dirisha, anacheka kitu nisichokikumbuka, kichwa amekirudisha nyuma, mwanya wake wote nje. Baba alikuwepo. Picha nyingine za Mama ni ile ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alisema ni ya mtu anayesakwa, na zile za sherehe za watu, amesimama safu ya nyuma, ukubwa wa punje ya mchele. Baada ya mazishi sikuweza kuitazama ile ya jikoni. Niliitia kadi nukta nyekundu ya kalamu ya maka, maana yake isiguswe, nikaiweka kwenye droo, nikasema nitainakili kesho. Hiyo kesho imekula miezi minne.

Nimefungua droo. Kadi zote mbili hazina nukta. Moja ina harusi ya mwenzangu wa kazini. Nyingine ina matone ya mvua.

Nimekaa sakafuni nikakumbuka kitambaa chenye wekundu. Spiriti nilileta mwenyewe, nukta nikaifuta mwenyewe, na ndiyo nikaibonyeza mwenyewe. Sina hata wa kumsingizia.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia Baba mashine ya studio imeharibika kwa unyevu. Akasema pole yao.

Jumanne, 12 Machi

Fundi wa kompyuta amekaa na kadi saa tatu nzima. Kanieleza kwamba kitu kilichofutwa huwa bado kipo mpaka uandike kingine juu yake, kwa hiyo ukigundua umefuta, itoe kadi hapo hapo usipige hata picha moja. Nikamwambia nimepiga mia nne. Aliniangalia kama mganga anayemwangalia mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

Amepata kipande. Robo ya juu ya picha ipo: fremu ya dirisha na pazia la ndege wa bluu. Kuanzia pale ambapo kichwa cha Mama kingeanza, ni kijivu kitupu mpaka chini. Ameniwekea kwenye kadi nyingine na hakutaka malipo, jambo lililoniumiza zaidi.

Ijumaa, 15 Machi

Baba kauliza. Nimesema bado.

Jumatatu, 18 Machi

Kauliza. Nimesema wino umekwisha, wameagiza. Aligonga ukingo wa meza kwa bilauri, meza hakuiona. Akacheka, akasema meza imesogezwa.

Jumatano, 20 Machi

Fundi Baiskeli ameuliza kundini namna ya kutunza picha. Wote wakasema mngojeeni Mwalimu. Nikaandika: picha isiyokaa sehemu mbili haipo. Nakili siku ile ile, kabla hujala, kabla hujaoga. Kadi ukiitia alama, chonga kwa sindano, wino hufutika. Wameniwekea vidole gumba kumi na saba.

Ningekuwa na haya ningejitoa kundini. Sikujitoa, nikaongeza aya nyingine kuhusu kufunika kamera kwa mfuko wa plastiki na raba bendi ukitoka nje kwenye mvua.

Jumapili, 24 Machi

Haya ya leo nayaandika polepole, ili nikija kuyasoma nisidai kwamba nilipitiwa.

Mama Mdogo, mdogo wake Mama wa kuzaliwa, alikuja kutuona. Baba alikuwa amelala. Mama Mdogo akakaa jikoni kando ya dirisha, kiti kile kile, anachambua mboga, na nilipoinua macho nikadhani ni Mama. Paji la uso ni lile lile, na shingo pia. Nikasema ninajifunza kupiga watu, anivumilie nusu saa. Nikasema rangi ya nguo yake inapigana na ukuta, nikamletea gauni la kijani la Mama. Alilishika kwanza, akalinusa, akalivaa bila neno.

Kila ninachowafundisha wenzangu nilikitumia. Nilisubiri wingu lipite, kwa sababu mwanga wa mvua dirishani ni laini kuliko taa yoyote ya kununua. Upande wenye kivuli niliegemeza kifuniko cheupe cha boksi la barafu, kirudishe mwanga kidogo shavuni. Tundu la lenzi nililifungua lote, nyuma yake pakayeyuka. Jicho la karibu nikalifanya kali, mengine nikayaacha yawe ukungu. Ule ukungu wa kwenye lenzi, ambao sikuumaliza, ulinisaidia kumlainisha zaidi.

Mama Mdogo hana mwanya. Nikamwambia asicheke, afunge midomo, atabasamu kidogo tu.

"Unanitaka niwe nani?" aliniuliza, mikono bado kwenye mboga.

Nikamwambia awe yeye mwenyewe. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Jumamosi, 30 Machi

Nimempa Baba picha, kubwa, kwenye fremu. Aliipeleka dirishani, akatoa lenzi yake ya saa kwenye kopo la misumari, akaibana jichoni, akaanza juu kushoto akishuka polepole kama anayesoma gazeti. Alichukua muda. Mimi nilikuwa naosha chungu ambacho kilishaoshwa.

"Nilidhani alikuwa anacheka," akasema.

"Alikuwa ametulia, Baba."

"Mimi nakumbuka kicheko."

"Labda ni siku nyingine."

Akasema labda. Akanishukuru. Nikaigongomea ukutani mbele ya kiti chake.

Jumatano, 3 Aprili

Kila asubuhi anakwenda na lenzi yake mpaka ukutani, anasimama pua karibu iguse kioo. Nilitegemea nitafurahi. Natoka kwenda kazini bila kunywa chai.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua bila kukoma. Maji ya bomba yana rangi ya chai, na chai haina rangi.

Jumatano, 17 Aprili

Nilikuwa namtia Baba matone ya dawa, kichwa chake kwenye kiganja changu, akauliza akitazama dari:

"Mama yako alikuwa na mwanya, au ni dada yangu aliyekuwa nao?"

Shangazi hajawahi kuwa na mwanya maishani mwake. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye mdomo wa chupa. Ningeweza kusema pale pale.

Nikasema sikumbuki vizuri.

Nimesema sikumbuki mwanya wa mama yangu. Mtu aliyekuwa akipitisha mbegu za tikiti mule kutuchekesha. Ulimi huu sijui nimpe nani aukate.

Jumatatu, 22 Aprili

Baba ameanza jambo jipya. Anakaa peke yake akihesabu kwa sauti: majina ya wateja wake wa zamani, kitu gani kiko rafu gani, nani alizaliwa baada ya nani. Akikwama anarudi mwanzo. Leo amekwama kwenye jina la mtu aliyemletea saa ya ukutani miaka ishirini iliyopita, akakataa kula mpaka alikumbuke.

Picha haitazami tena. Kiti amekigeuzia mlangoni.

Nilimuuliza Daktari kama presha ya macho hupanda kichwani ikachukua na akili. Akasema hapana, hiyo ni mali ya jicho peke yake, na akataka kujua mzee amepatwa na nini. Nikajibu uzee. Kumbe jibu la kweli lilikuwa ukutani, nilikuwa naliogopa tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Fundi Baiskeli ameleta kundini picha ya mkewe aliyoipiga kwa kufuata mawaidha yangu yote. Imetoka vibaya, imetetemeka, ni ya mkewe kabisa. Nimeitazama sana.

Jumapili, 28 Aprili

Mama Mdogo amerudi. Aliingia sebuleni, akamsalimia Baba, akainua macho ukutani. Akamuuliza Baba hali ya macho yake, akauliza habari za kuku, akaniomba nimsindikize jikoni. Huko alifunga mlango.

"Shemeji anajua kwamba yule ni mimi?"

Nikatikisa kichwa. Nikamweleza yote, nukta, spiriti, matone ya mvua, nikilia kama mtoto aliyevunja sahani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hivi, na sauti hakuipandisha:

"Nimemlilia dada yangu mpaka nimechoka. Leo umenivika gauni lake umenitundika ukutani, mimi mwenyewe nikiwa hai. Kosa la kwanza lilikuwa la kidole, hilo lingesameheka siku ile ile. Hili la pili umelifanya kwa akili zako zote." Akachukua mkoba. "Nitakuja Jumapili. Kabla sijavua viatu, awe ameshajua."

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu, niko nyumbani. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu Baba aliuliza kama nina kikohozi.

Jumamosi, 4 Mei

Nimesema.

Ilikuwa baada ya chai, mvua imepumzika, mwanga mzuri. Niliishusha picha ukutani nikamwekea magotini. Nikamwambia ile ya Mama nilikwishaifuta kabla hajaniomba, kwa uzembe, kikabaki kipande cha dirisha na pazia tu, na kwamba niliogopa, na kwamba mwanamke huyu ni Mama Mdogo ndani ya gauni la Mama.

Alipitisha kidole kwenye pembe zote nne za fremu.

"Rudia hapo mwisho."

"Ni Mama Mdogo, Baba. Si Mama."

Alipapasa mfukoni, akatoa lenzi, akaitazama, akairudisha bila kuitumia.

"Kwa hiyo mwanya ulikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Na alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka."

"Nimemkagua huyu kila asubuhi," akasema. "Mwanya sikuuona. Sikio si lake. Na mimi nilifundishwa hivi: saa ikibishana na mtu, anayekosea ni mtu. Kamera ikisema hivi na mimi nikikumbuka vile, basi mimi ndiye niliyeharibika. Wiki tano nimekaa hapa nikijua kwamba nimeanza kumsahau mke wangu. Macho nilishayakubali, yana mwenyewe anayeyachukua. Hili nilikuwa nalilia nikiwa peke yangu, wewe uko jikoni unaimba."

Sikuwa naimba, lakini sikumsahihisha. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Hakunigusa kichwa na hakunifukuza. Alisema nimwache.

Nilikuwa nikiogopa kumnyima picha. Kumbe nilikuwa nimeingia mpaka ndani ya kichwa chake kumnyang'anya ile aliyokuwa nayo.

Jumapili, 5 Mei

Mama Mdogo alisimama mlangoni na viatu vyake, akatutazama mmoja mmoja, akavivua. Baba amempa ile picha, akamwambia amepigwa vizuri, aitundike kwake. Kwangu hakusema neno.

Jumatatu, 6 Mei

Kimya.

Jumanne, 7 Mei

Kimya. Ila amekula, na hahesabu tena.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewaandikia kundini: Mwalimu wenu alifuta picha ya mwisho ya mama yake, akapiga nyingine ya uongo. Msiniite tena hivyo. Waliandika pole nyingi. Fundi Baiskeli ameandika kwamba leo ametoka kunakili zake zote sehemu mbili.

Ijumaa, 10 Mei

Baba ameongea. Amesema: "Hicho kipande kilichobaki, kisafishe. Ukubwa ule ule. Usikate kitu."

Jumapili, 12 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Ukuta wa nyuma umeanza kukauka.

Nilimletea Baba kile kipande dirishani. Fremu ya dirisha, pazia la ndege wa bluu, na kijivu mpaka chini. Alibana lenzi yake jichoni akatembea juu ya pazia ndege mmoja mmoja. Sasa inabidi asogeze karatasi badala ya kusogeza kichwa, bomba limekuwa jembamba kiasi hicho.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Huyu ndege wa tatu alishonewa kiraka. Hapa hujaniongopea. Lete ile maka yako nyekundu. Andika humu kwenye kijivu, herufi kubwa, nipate kuziona na mimi."

Nikapiga magoti chini na karatasi. Akawa anasema, mimi naandika. Kwamba alikaa upande wa kulia. Kwamba kilemba kilikuwa cha njano na kimelegea nyuma. Kwamba mkono wake mmoja ulikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko na mwingine ulikuwa tumboni kwa kicheko. Kwamba mwanya ulikuwa juu, katikati, na ulimi ulionekana kwa ndani. Hakusita hata mara moja.

"Andika na alichokuwa anacheka."

Nikamwambia nimejaribu miezi yote hii, sikumbuki alichokuwa anacheka.

"Utakumbukaje, na ulikuwa umenuna? Alikuwa anakucheka wewe. Umejikunja hapo mbele yake dakika nzima, mara sogea kwenye mwanga, mara geuka, unalalamika kuwa giza tupu, umeuziwa kamera mbovu. Kifuniko cha lenzi hujakitoa. Mimi nilitaka kukuambia, akanikonyeza ninyamaze. Ulipokitoa, ukampata bado anacheka."

Nikaandika. Nafasi ilikuwa inaisha, ikabidi hayo ya mwisho niyabane pembeni kabisa. Akanitaka nimsomee yote kuanzia juu, na nilipofika kwenye kifuniko alirudisha kichwa nyuma akacheka.